Kafi Tatu Juu ya Pua ya Mulolwa

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Inspekta Emilienne Kalonda alikuwa amebakiwa na saa tano na nusu tu. Saa sita mchana balenyeri, ile boti ndefu ya abiria na mizigo, ingeondoka bandarini kuteremka mto hadi kwenye gereza kubwa, na ndani yake angekuwemo Nourdine, mvuvi wa miaka ishirini na sita, mikono imefungwa kamba, pamoja na karatasi ya komanda wa polisi inayosema ameua mtu. Waliopanda chombo kile na karatasi ya namna ile, jamaa zao huzoea kuwataja kwa sauti ya chini. Yuko mmoja alipelekwa kwa ajili ya mbuzi. Mbuzi akazaa, wajukuu wa mbuzi wakaliwa kwenye arusi tatu, na mwenyewe bado anangoja kuulizwa jina lake.

Aliyekufa aliitwa Serge, mtu wa Lusangi. Shirika moja la kulinda wanyama lilimtuma kwenye kisiwa cha Mulolwa, katikati ya Lualaba, ahesabu ndege. Mwezi mzima alikaa na hema lake juu ya Pua. Hivyo ndivyo watu wanavyoiita ile ncha ya mawe inayotazama juu ya mto, mahali maji yanapokigonga kisiwa na kugawanyika. Alhamisi mchana alionekana mzima. Jumamosi alfajiri wanawake wa kambi ya wavuvi, kwenye ncha nyingine ya kisiwa, walimkuta amenasa kwenye miti ya mitego, kisogo kimevunjika. Jumapili akazikwa.

Kesi ilisimama kwa miguu miwili. Mguu wa kwanza ni jumelles za Serge, ile darubini yake, zilizokutwa nyumbani kwa Nourdine. Wa pili ulikuwa mnene zaidi. Mzee Djafari, kapita anayesimamia kambi, alisema kwamba Alhamisi alasiri, akiwa mtumbwini upande wa mashariki, alimwona Nourdine kwa macho yake akimsukuma Serge kutoka juu ya mawe. Akaogopa, akarudi kambini, akanyamaza. Na huyo Djafari ni mjomba wa Nourdine, ndugu wa tumbo moja na marehemu mama yake, ndiye aliyemlea yeye na dada yake Mwamvita. Kwa komanda mambo yaliishia hapo. Alimwuliza Emilienne kama amewahi kuona mjomba anamtia mpwa wake kasho, ndani ya jela, bila sababu. Emilienne akajibu kwamba hajawahi, na ndiyo maana anataka kwenda kuangalia.

Waendesha mitumbwi wa bandarini walikataa wote. Mmoja aliumwa mgongo, wa pili aliumwa mgongo wa mke wake, na wa tatu akasema ukweli: mto umetoa maiti, na hadi mwezi mpya uonekane hakuna mtu wa akili anayeisogelea Pua. Aliyekubali ni Mwamvita peke yake. Emilienne aliandika kwenye daftari lake kwamba anapelekwa na dada wa mshitakiwa, akaandika na saa, kisha akakaa katikati ya mtumbwi akizishika mbao kwa mikono yote miwili. Yeye ni mtu wa vilima vya Kabambare. Maji aliyoyazoea ni yale yanayokaa ndani ya ndoo.

Walipita mkono wa magharibi wa mto ili kambi isiwaone. Ukungu ulilala juu ya mto kama shuka la mgonjwa. Mwamvita alipiga kafi, inaingia na kutoka bila kishindo. Kisha akauliza kama kweli mtu akishafika kule chini anaweza kurudi. Emilienne akamwambia hajui. Akaulizwa tena kama yeye mwenyewe anaamini Nourdine aliua. Akasema hiyo pia hajui bado, na kwamba akijua, Mwamvita atajua.

Saa mbili kasoro Pua ikatokea.

Yalikuwa mawe meusi yaliyorundikana, kimo cha nyumba tatu zilizopandana, vichwa vyake vimepakwa chokaa ya kinyesi cha ndege cha miaka na miaka. Chini, maji yalipasuka na kutoa povu la rangi ya chai. Kati ya mawe walining'inia popo, na juu yake pimbi walikaa mstari mmoja wakimtazama anayekuja, kama wazee kwenye kiti cha mahakama. Mamba mmoja alikuwa ameegemea jiwe, mdomo wazi, na hakujisumbua kuufunga. Upande ule wa magharibi anaishi kiboko ambaye watu wanasema ana umri mkubwa kuliko mkoa wenyewe. Inasemekana alipigwa picha ya kitambulisho wakati wa Wabelgiji, na picha ikatoka vizuri.

Kilichokosekana ni kelele. Mwamvita alisimamisha kafi, akasikiliza. Minandi wa Pua, wale ndege weusi wa kuzamia samaki, zamani walipiga makelele hadi waimbaji wa kanisa, ng'ambo, wakapoteza sauti ya kwanza na kuanza upya. Asubuhi ile walisikika watatu, wanne. Halafu upepo uligeuka na harufu ikawafikia.

Minandi walikuwa wamekufa kwenye mianya ya mawe, mabawa wazi, wengine wamelalia mayai kwenye matago yao. Emilienne alihesabu hadi thelathini akaacha. Furukombe mmoja, yule tai wa kichwa cheupe, alilala chali kwenye jiwe la juu kabisa, na nzi wake. Hawakuwa na jeraha. Hakuna aliyewala, hata kenge.

Alianza na kazi kama alivyofundishwa, kutoka nje kuja ndani. Muuguzi aliyeitazama maiti alikuwa amesema jeraha la kisogoni linaweza kuwa la kiboko, na kwa Nourdine hilo lingekuwa neema. Aliifuata njia ya kiboko, mfereji wa matope uliokanyagwa vizuri, hatua arobaini. Ikakomea kwenye jiwe lililomfika kifuani. Kiboko, hata awe na kitambulisho, hapandi ngazi. Akalifuta hilo.

Kisha akajaribu maneno ya Djafari. Alimwagiza Mwamvita azunguke na mtumbwi hadi mkono wa mashariki, mahali alipopataja mjomba, na ainue kafi akimwona mtu juu ya mawe. Emilienne alisimama ukingoni, maji yakichemka chini yake. Moyoni alitamani ile kafi isiinuke. Ikainuka. Mwamvita aliporudi aliapa kwamba aliona hata rangi ya kitambaa chake. Alijua maana ya alichokisema, maana alikisema akitazama chini. Ushahidi wa Djafari ulikuwa unawezekana.

Hema la Serge lilikuwa bado limesimama, limelowa na kukauka. Ndani mlikuwa na sufuria, blanketi, na daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Maandishi madogo, safi. Siku kwa siku: matago mangapi, mayai mangapi, viboko wangapi. Siku ya mwisho ilikuwa Alhamisi. "Minandi wafu 41. Furukombe mfu 1. Samaki wanaelea wafu upande wa kambi, siku ya tatu sasa." Chini yake: "Nourdine amechukua jumelles aende kuangalia viboko wa chini, atarudisha kesho."

Mguu mmoja wa kesi ukavunjika hapo hapo. Lakini ule mnene ulibaki. Komanda angesema: sawa, alimwazima, halafu wakagombana.

"Saa ngapi?" Mwamvita aliuliza.

"Saa tatu na dakika kumi."

Hapo ndipo Emilienne alipoona kafi. Nyuma ya hema mawe yaliacha bonde dogo la mchanga, duara kama sinia, upana wa hatua kumi na tano, juu kabisa ambako mto haufiki hata ukijaa. Humo zilisimama kafi nyingi, bapa juu, mpini ardhini. Nyingi zilikuwa za zamani, zimeinama, zimeliwa na mchwa, kama makaburi yasiyo na mtu. Tatu zilikuwa mpya.

Mwamvita alisimama nje ya mchanga, hakuingia. Alieleza polepole. Mutu wa Mulolwa akigusa maiti ya maji, ile kafi yake haipigi tena. Anakuja kuisimamisha hapa hadi mwezi mpya, jua liikaushe; wengi hawarudi kuichukua. Akiitumia kabla, mto unaingia nyumbani kwake na kuchukua mtoto. Ndiyo, aliongeza, na wanaokwenda misikitini wanafanya, na wanaokwenda misa wanafanya. Jumamosi wanaume watatu ndio waliomtoa Serge kwenye mitego: Abedi, Moustapha na mjomba Djafari. Kila mtu anachonga alama yake kwenye mpini. Ile yenye mikato mitatu, pale pembeni, ni ya mjomba.

Basi kafi tatu, wanaume watatu. Hesabu ilikaa sawa. Emilienne alikuwa karibu kugeuka. Kilichomrudisha ni mchanga wenyewe.

Ulikuwa na vidoti. Vishimo vidogo vidogo, mamia, kila kimoja na ukingo wake mgumu, kama ngozi ya mgonjwa wa ndui. Mvua kubwa ndiyo inayoandika hivyo. Juu ya vidoti hivyo zilipita nyayo za ndege wadogo wa mawe, na mstari wa mkia wa kenge uliopinda kuanzia tago moja hadi jingine. Zilipita pia nyayo za watu. Mtu mmoja peku, aliingia na kutoka, hadi kafi ya kwanza. Mtu mwingine mwenye sapatu za plastiki, kisigino kimelika, aliingia na kutoka, hadi ya pili.

Kuelekea ya tatu hakukuwa na kitu. Kenge alikuwa ameizunguka, mkia wake ulichora duara kamili. Vidoti vya mvua vilikuwa vizima hadi kwenye mpini. Sehemu yote ile haikuwa imekanyagwa na mguu wa binadamu tangu mvua inyeshe.

Alimwuliza Mwamvita mvua ya mwisho ilikuwa lini. Ijumaa jioni, alijibiwa, ile iliyoangusha paa la kukaushia samaki. Tangu hapo je? Hata tone. Na mwaka huu, kabla ya Serge, nani mwingine alikufa majini? Hakuna. Mwaka huu mto ulikuwa umenyamaza.

Emilienne alipiga picha kwa simu, ameweka kiberiti kando ya nyayo ili ukubwa uonekane. Alipima kwa viganja toka unyayo wa mwisho hadi mpini wa tatu: viganja ishirini na viwili. Alichora yote kwenye daftari, akaandika tarehe na saa, akamwomba Mwamvita atie sahihi kama shahidi. Mwamvita alishika kalamu ya bic, akaitazama ile picha ya duara na kafi tatu. Hakuwa mjinga.

"Mama OPJ," alisema, akimwita kwa cheo chake cha upelelezi, "kama haiko Nourdine, basi ni nani?"

"Tia sahihi kwanza. Umeona nini, ndicho unachosainia. Kingine hapana."

Akatia.

Kambini moshi ulikuwa chini na watoto wengi. Emilienne alianza na Abedi, mtu mrefu, mwenye aibu, aliyekuwa anashona wavu. Alimwuliza maswali matatu tu. Walikwenda wangapi Jumamosi kusimamisha kafi? Wawili, yeye na Moustapha. Na Djafari? Walipofika, kafi yake ilikuwako tayari. Mzee aliwaambia amewatangulia. Waliingia na nini miguuni? Abedi alicheka kwa mshangao. Yeye peku, Moustapha ana sapatu, anaona fahari nazo, hata kulala analala nazo. Emilienne aliandika yote na kumsomea.

Mzee Djafari alimpokea kwa kiti na kikombe cha chai. Alikuwa mtu mfupi, mzito, mwenye mzaha uliozoeleka na watu wote wa mto. Alisema serikali imetuma mwanamke kwa sababu wanaume wa polisi wanalewa wakiona maji. Akamtazama Mwamvita, akamwuliza kama amekula. Mwamvita akasema bado. Akaagiza aletewe muhogo.

Emilienne alimwacha asimulie yote tangu mwanzo, na alisimulia vilevile kama kwenye maandishi ya komanda, neno kwa neno, kama sala. Aliona kwa mbali. Aliogopa. Hakusogea. Maiti aliigusa mara ya kwanza Jumamosi, pamoja na wengine.

"Na kafi yako, Papa, uliisimamisha lini?"

"Ile ile Jumamosi. Niliwatangulia wale vijana."

"Uliingia kwenye mchanga kwa miguu?"

"Ningeingia kwa mabawa?" Watu waliokuwa karibu wakacheka, na yeye akacheka nao.

Emilienne hakucheka. Alimfungulia simu, akamwonyesha picha moja moja, bila haraka. Hizi nyayo za Abedi. Hizi za sapatu ya Moustapha. Hii mvua ya Ijumaa. Huyu kenge. Hii kafi yako, na hakuna mguu. "Wewe uliisimamisha kabla ya mvua, Papa. Ijumaa mchana, au Alhamisi. Siku hizo Serge hajaonekana bado. Kafi yako ilikuwa imegusa maiti gani?"

Kicheko cha watu kilikufa chenyewe. Djafari alitazama picha, akaisogeza mbali kidogo kama afanyavyo mtu mwenye macho ya zamani. Angeweza kusema uongo mwingine. Emilienne alikuwa amejiandaa kwa wa aina tatu. Lakini swali lilikuwa limemgusa mahali pasipo na mzaha.

"Sasa ningefanya nini, Mama?" alisema. "Ile kafi ilimugusa. Niende kuvua nayo? Miye nina watoto kumi na mmoja."

Mengine aliyasema kwa sauti ya kawaida, na Emilienne aliandika, mwisho akamtaka atie sahihi. Mwezi ule mitego ilikuwa haitoi kitu. Alipata dawa ya kuua wadudu wa mashamba kwa mchuuzi mmoja wa Salamabila, akawa anaimwaga chini ya Pua, samaki wanapanda juu wenyewe. Minandi walikula samaki, wakafa. Serge aliunganisha mambo. Alhamisi alimwita juu ya mawe, akamwonyesha ndege, akasema atapeleka ripoti, kambi itafungwa. Djafari alimsihi. Alimshika shati. Serge alijivuta, shati likapasuka, mguu ukateleza kwenye ile chokaa ya ndege, akaanguka nyuma. Djafari alishuka mbio, akazungusha mtumbwi, akamvuta kwa kafi. Alikuwa tayari hana pumzi. Akamwachia maji.

"Ulimwachia maji," Emilienne alirudia. "Na Nourdine je?"

"Serikali ilitaka mutu. Kila mutu alijua Nourdine anatembea na yule kijana kila siku." Alimkwepa Mwamvita kwa macho. "Nourdine haiko na mutoto hata mumoja. Nilisema atavumilia, atarudi."

Mwamvita alikuwa amepewa muhogo wake kwenye sahani. Aliiweka chini, akaenda mtumbwini, akaanza kumwaga maji yaliyoingia. Emilienne alimwuliza kama anaweza kuwapeleka wote wawili. Abedi alijitolea kupiga kafi badala yake. Mwamvita akasema hapana, mjomba wake anaenda na yeye. Njia nzima Djafari alikaa mbele, mgongo kwao, mikono magotini, haikuwa imefungwa. Mara moja tu aligeuka, akamwonyesha jiwe lililo chini ya maji, upande wa kushoto, na Mwamvita akalikwepa.

Tangu balenyeri ile iundwe haijawahi kuondoka kwa saa yake. Safari moja ilichelewa hadi abiria mmoja akajifungua humo ndani, mtoto akajifunza kutembea kabla haijang'oka. Siku hiyo iliamua kuwahi. Saa tano na nusu, walipoizunguka kona ya mwisho, mashine ilikuwa inakohoa na kamba ya nyuma imekwisha kufunguliwa. Emilienne alisimama ndani ya mtumbwi, yeye aliyeogopa hata kukohoa humo, akapunga daftari juu ya kichwa.

Polisi wa kusindikiza aliitwa Dady, kijana mwenye kupenda karatasi. Nourdine alikaa miguuni pake, kati ya magunia ya mchele, mdomo umevimba, mikono imekuwa myeusi kwenye kamba. Alimwona dada yake. Kisha akamwona mjomba wake anapanda ngazi mbele ya inspekta, na uso wake ukawa kama wa mtu anayesikiliza kitu kwa mbali.

Dady alimsikiliza Emilienne hadi mwisho, akasoma maungamo, akatazama sahihi, akatikisa kichwa. Karatasi yake ya safari inasema mutu mumoja. Alipewa mutu mumoja, atafikisha mutu mumoja.

"Ndiye huyu ninakuletea," Emilienne alisema. "Komanda nitamwona mwenyewe. Leta karatasi."

Aliiweka juu ya gunia. Akakata jina la Nourdine kwa mstari mmoja, akaandika juu yake Djafari, umri, kijiji, kosa. Akatia sahihi kando. Dady alifungua kamba mikononi mwa mmoja na kuifunga mikononi mwa mwingine, kamba ile ile, ilikuwa moja tu. Nourdine alijaribu kusimama, miguu ikamkatalia. Aliyemshika bega asianguke, kwa mikono iliyofungwa, alikuwa Djafari.

Kwenye karatasi ulibaki mstari wa chini. Huko kwenye gereza kubwa serikali haipiki. Kila mfungwa anaandikiwa jina la mtu wa kwao, atakayekuja kumletea chakula. Asiye na jina hapo, hamalizi msimu. Jina lilikuwa limekwisha kuandikwa tangu asubuhi, kwa ajili ya Nourdine: Mwamvita, dada.

Emilienne alisimamisha bic juu ya neno lile. Watoto wakubwa wa Djafari walikuwa wamebaki kambini, hakuna aliyewafuata. Dady alisema afanye haraka, mashine inakula mafuta. Kwa hiyo Emilienne aliuliza, kama utaratibu unavyotaka, ni nani wa kwao huyu mzee, aandikwe.

Mwamvita alikuwa amemkumbatia kaka yake kiunoni, nusu amembeba, tayari mguu mmoja uko ngazini. Alimtazama Nourdine. Nourdine alitazama maji. Mashine ilikohoa tena.

"Hilo jina usilikate, Mama," Mwamvita alisema. "Andika tu kwamba ni mpwa."